Jicho la Tajiri Ndani ya Nyumba ya Mfanyakazi

  

Ndugu mmoja miongoni mwa wanaohudhuria darasa letu la baada ya Alasiri alibaki nyuma siku moja, wenziwe walipokwisha kutoka, akaniambia, “Maalim, nina swali, lakini nalionea haya.” Kijana huyu huandika hesabu za kampuni moja ya ng’ambo. Haendi ofisini, ofisi yake ni chumba kimoja katika nyumba ya mamake, Mji wa Kale, na kazi yote hupita kwa intaneti. Kampuni imempa kompyuta, na ndani yake imetia programu ya ulinzi. Usiku mmoja dada yake aliiomba kompyuta hiyo apate kusoma habari za maradhi ambayo mwanamke huona tabu hata kumtajia mamake. Haikupita siku tatu, msimamizi wa kijana akamwandikia kutoka huko aliko, akimwuliza kama nyumbani kuna mgonjwa, na kama angependa kupewa likizo.

Barua ilikuwa ya upole, na upole wake ndio uliochoma. Dada alipopata habari aliona kama kwamba amevuliwa nguo barabarani. Kwa mwezi mzima alikataa kwenda kwa daktari, kwani alidhani kila mtu amekwisha kujua.

Kijana aliuliza mambo mawili. Je, tajiri wake amefanya dhambi kwa kuchungulia nyumba yao? Na je, yeye ana ruhusa kuikwepa programu hiyo, kwa kuwa rafiki yake amekwisha kumfundisha namna ya kuikwepa?

Nilimjibu papo hapo kwamba huu ni upelelezi ambao sharia imeuita tajassus, kwamba ni haramu, na kwamba aing’oe programu hiyo siku ile ile. Nakiri leo mbele yenu kwamba jawabu langu lilikuwa la haraka. Nilihukumu jambo kabla ya kulijua lilivyo. Imamu wetu Shafi alikuwa na kauli zake za Iraki, na alipohamia Misri akarejea katika nyingi katika hizo, wala hakuona kwamba heshima yake imepungua, sembuse mimi. Kwa hiyo niliwaendea vijana wetu wanaoijua kazi hii, nikakaa nao jioni tatu, nikawataka wanieleze kama wanavyomweleza mtoto.

Waliyonieleza ni haya. Zamani kampuni ilikuwa na ofisi, na ofisi ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea kwenda katika intaneti. Mlinzi aliwekwa mlangoni hapo, na kila kitu kilichoingia na kutoka kilipita mbele yake. Mfanyakazi aliyekuwa mbali aliunganishwa na ofisi kwa njia ya siri, mfano wa handaki. Ulipoingia ugonjwa wa Korona mwaka 2020, wafanyakazi wakatawanyika majumbani mwao, na mlango ule mmoja ukawa hauna maana tena: mlinzi amekaa kizingitini na watu wote wako nje. Basi mlinzi akaondolewa mlangoni akawekwa katika kile kiitwacho “wingu”. Nami nilicheka nilipoelezwa, kwani hakuna wingu wala mvua: ni majumba ya saruji yaliyojaa kompyuta na vipoza hewa, yaliyotapakaa katika miji mingi ya dunia. Kijana wetu akitaka kufungua ukurasa wowote, hata wa saa za Sala, ombi lake huenda kwanza kwa mlinzi huyo. Huko hutazamwa kama mahali anapokwenda ni pema au ni pango la wezi. Ndipo huruhusiwa au huzuiwa, na jambo zima huandikwa katika daftari.

Lakini mlinzi ana namna mbili za kutazama, na tofauti iliyoko baina yake ndiyo iliyobadilisha rai yangu. Namna ya kwanza ni kutazama anwani iliyo juu ya bahasha: barua hii yaenda wapi? Namna ya pili ni kuifungua bahasha. Kurasa nyingi za intaneti siku hizi husafiri zimepigwa lakiri, asiweze kuzisoma aliye njiani. Ili mlinzi aone yaliyomo, kampuni hutia cheti chake katika kompyuta ya mfanyakazi. Kwa cheti hicho mlinzi huvunja lakiri, huyasoma yaliyo ndani, kisha huipiga bahasha lakiri yake mwenyewe na kuipeleka. Mfanyakazi huona ile alama ya kufuli imekaa mahali pake kama kawaida, akadhani kwamba hakuna aliyeifungua barua yake.

Sasa mtu atauliza, kwani pana haja gani ya taabu yote hii? Haja ipo, na asiyeikubali hajui yanayopita duniani. Mwezi wa Mei 2021, huko Marekani, wezi waliingia katika mitambo ya Colonial Pipeline, kampuni yenye bomba kubwa la kupeleka mafuta pwani ya mashariki ya nchi ile. Hawakuvunja ukuta. Waliingia kwa neno la siri moja tu, katika njia ya wafanyakazi wa mbali ambayo haikuwa ikitumika tena lakini haikufungwa, wala haikuwa na uthibitisho wa pili. Bomba likasimama siku kadhaa, watu wakapanga foleni za petroli, na kampuni ikawalipa wezi kiasi cha dola milioni 4.4, ambazo serikali ilifaulu kuzirudisha baadhi yake tu. Na aghlabu wizi wa namna hii huanza na mfanyakazi mwema asiye na nia mbaya, aliyeletewa barua ya hadaa akabonyeza mahali asipopaswa kubonyeza. Kompyuta ya kijana wetu imebeba hesabu za watu wengi ambao hatawaona maishani mwake. Mishahara yao imo humo, na madeni yao. Hiyo ni amana. Tajiri aliyekabidhiwa mali ya watu kisha akaacha mlango wazi, huyo ni mwenye kupuuza, na mwenye kupuuza amana hudhamini.

Walioibuni elimu hii wana neno lao, wakaliita kwa maana ya “kutokuamini kabisa”: hata aliye ndani ya nyumba asiaminiwe kwa sababu tu yumo ndani, bali kila mara athibitishwe. Marekani imeandika mwongozo wake rasmi juu ya mpango huo, uliotolewa na taasisi yake ya vipimo, NIST, mwezi wa Agosti 2020. Neno hili lilinitia uzito moyoni. Sisi tumeamrishwa kudhaniana mema. Itakuwaje nyumba iliyojengwa juu ya kutokuaminiana? Nikafikiri sana, kisha nikakumbuka aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qur’ani. Humo Mwenyezi Mungu amewaamrisha walioamini, si wengineo, kwamba wakikopeshana kwa muda waandike deni lao na waweke mashahidi. Je, kuandika ni kumdhania nduguyo kuwa mwizi? Hasha. Binadamu husahau, hufa, hughafilika; na maandishi humhifadhi mkopeshaji na mkopaji pia. Na aya inayofuata imeruhusu watu waaminiane wakitaka, na aliyeaminiwa aitekeleze amana yake. Basi kuthibitisha si kudhania vibaya. Mlinzi wa lango la Kilindini akikwambia umwoneshe kibali chako, hakukutukana; na akikujua kwa miaka ishirini akakuomba kibali vile vile, bado hakukutukana. Lakini akikufuata mpaka nyumbani akakaa ukumbini kwako, hapo jambo limebadilika.

Na hapa ndipo penye mzizi wa mas-ala yetu. Kompyuta ya kampuni ni mali ya kampuni, hapana shaka. Lakini iko ndani ya nyumba, na nyumba ina hukumu zake. Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ameharimisha kuingia nyumba za watu bila ya idhini na salamu. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya 58, hata watumwa na watoto wadogo, ambao hupita huku na huku nyumbani mchana kutwa, wameamrishwa kuomba idhini katika nyakati tatu za faragha: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo zao, na baada ya Sala ya Isha. Mazingatio yaliyomo humu ni makubwa. Watu wale wana ruhusa ya kuwemo nyumbani. Haikusemwa kwamba kwa kuwa wanaishi humo basi waone kila kitu kila saa. Ruhusa ya kuwemo ni kitu kimoja na ruhusa ya kuona ni kitu kingine. Nayo hadithi ya mtu aliyechungulia chumba cha Mtume (s.a.w.) kwa tundu yajulikana na wote: Mtume alikuwa na kitana cha chuma mkononi, akamwambia kwamba lau angalijua anachungulia angalimchoma nacho jichoni, na akabainisha kwamba idhini imewekwa kwa ajili ya macho. Hakusema kwamba imewekwa kwa ajili ya miguu.

Wazee wetu waliozijenga nyumba za Lamu na Mombasa waliifahamu siri hii bila ya kuandika vitabu. Mgeni hukaribishwa barazani. Akizidi heshima hukaa katika daka. Akizidi tena huingizwa ukumbini. Na ndani ni ndani. Hakuna aliyehisi kwamba ametukanwa kwa kuishia darakani. Sasa tumeleta nyumbani kitu kisichojua baraza wala ndani, nasi tumekikalisha mezani, jirani na kitanda.

Amesema Imamu al-Mawardi, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, kwamba muhtasib, yaani afisa aliyepewa kazi ya kukataza maovu, hana haki ya kuyapeleleza yaliyositirika. Yaliyodhihiri ndiyo kazi yake. Kisha akaweka mlango mdogo: ikiwa pana dalili yenye nguvu ya jambo ambalo likipita halirekebishiki, kama mtu aliyejifungia na mwenziwe ili amwue, hapo hungojewi uthibitisho kamili. Tukiyapima ya leo kwa mizani hiyo, ajuaye fikihi hatapata tabu. Kumzuia mfanyakazi asiingie pango la wezi, kwa kutazama anwani ya bahasha, ni kazi ya bawabu, na bawabu ni halali. Kuifungua bahasha ya kazi, saa za kazi, ikiwa imebeba hesabu za watu, nako kuna njia, maadamu mfanyakazi ameambiwa waziwazi kwamba bahasha hufunguliwa. Ama kufungua kila bahasha usiku na mchana, ya tabibu na ya benki, na ya mke anayemwandikia mamake, kisha kuyahifadhi majina yao katika daftari na kumpa msimamizi alisome, hilo limepita haja, na kinachopita haja katika jambo lililokatazwa asili yake hurudi katika kukatazwa.

Watatokea watu watakaosema: alitia sahihi. Naam, alitia sahihi, katika karatasi ya kurasa arubaini, usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya kazi. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Waislamu hufungwa na masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Na tuseme sahihi yake imetimia; je, dada yake alitia sahihi wapi? Mtu huweza kuitoa haki yake mwenyewe. Sitara ya mwenziwe si mali yake hata aiuze. Hili nimewaambia wengi, na kila mmoja amenyamaza.

Wala usidhani, ewe ndugu msomaji, kwamba haya ni ya wenye vilemba peke yao. Huko Romania mfanyakazi mmoja alifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa sababu tajiri wake alisoma mazungumzo yake ya faragha katika kompyuta ya kazini. Alishindwa katika mahakama za kwao, lakini tarehe 5 Septemba 2017 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya liliamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba haki yake haikulindwa. Halikusema kwamba tajiri hawezi kutazama kamwe. Lilisema, kwa jumla, kwamba yataka kuulizwa kama mfanyakazi alijulishwa mbele, na kwa kadiri gani, na kama haikupatikana njia iliyo nyepesi zaidi ya kufikia makusudio yale yale. Na hapa kwetu Kenya, kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kimelinda faragha ya mtu na ya mawasiliano yake. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imezihesabu habari za afya kuwa katika habari nyeti, ikampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, na sheria hiyo humfikia hata mwenye kukaa ng’ambo anayeshughulikia habari za watu walioko Kenya. Wangapi katika mji huu wanajua kwamba wana haki hizi? Twajua bei ya mbaazi na mahamri, hatujui sheria iliyopitishwa kwa ajili yetu.

Nirudi kwa kijana, kwani swali lake la pili ni zito kuliko la kwanza. Ana ruhusa kuikwepa programu? Hapa ndipo nilipomkosesha. Jawabu ni kwamba hana. Yeye ni ajiri mahsusi: ameuza saa zake kwa ujira, na mkono wake juu ya mali ya tajiri ni mkono wa amana. Akiondoa ulinzi kwa siri, kisha mwizi akaingia, hapana faqihi atakayemwambia kwamba hadhamini, kwa kuwa amevuka mpaka. Wengine wamemnong’oneza kwamba tajiri si Mwislamu, kwa hivyo jambo ni jepesi. Mwenye kusema hivi hajaisoma sira. Mtume wetu alipohama Makka alimwacha Ali (r.a.) nyuma azirudishe amana za watu waliokuwa wakitaka kumwua. Na katika safari hiyo hiyo alimwajiri kiongozi wa njia, Abdullahi bin Uraykit, aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Akamkabidhi ngamia wawili na siri ya pango, na mtu yule akatimiza miadi. Basi muamala baina yetu na wasiokuwa wa dini yetu ulijengwa juu ya uaminifu tangu siku ya kwanza ya Hijra, wala hapana wa kuja kuubomoa leo kwa mnong’ono.

Binti wa mzee wa Madyan, katika Suratul Qasas, alimshauri babake kwamba mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Uaminifu huo hauwi kwa kuwa kuna jicho linalotazama. Nami nasikitika kusema kwamba baadhi ya vijana wetu hulilaani jicho la tajiri si kwa kuwa limechungulia ndani, bali kwa kuwa limewakuta wakitazama kabumbu saa ambazo wamelipwa ili wafanye kazi. Hao wasijifiche nyuma ya dada wa mwenzao. Na wazee nao, wanaolalamika barazani kwamba makampuni yanapeleleza, hebu wajiulize nani jana aliishika simu ya mkewe akaisoma yote alipokuwa jikoni. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat iliyokataza kupelelezana haikuteremshwa kwa ajili ya makampuni ya ng’ambo.

Yuko mtu wa tatu ambaye kijana hakumwuliza, nami nilikumbushwa naye na wale walionifundisha: ni yule akaaye na daftari. Baadhi yao ni watoto wetu wenyewe, walioajiriwa kuzisoma ripoti za mlinzi. Anaona jina, saa, na ukurasa uliofunguliwa. Mmoja wao aliniambia kwamba usiku humpitia mambo ya watu mpaka akatamani asingaliyajua. Hukumu yake ni hukumu ya daktari na ya mwosha maiti: kaajiriwa kutafuta wezi, na asiyekuwa mwizi hana haja naye. Akiona aibu aifunike, asiipeleke kwa msimamizi, wala asiitie katika maskani ikawa kichekesho, hata bila ya kutaja jina, kwani mji wetu ni mdogo.

Basi nilimwita kijana, nikamwambia kwamba nimerejea katika kauli yangu. Aliirudisha programu mahali pake, kwani alikuwa amekwisha kuing’oa kwa neno langu, na Mungu anisamehe. Kisha tukaandika barua kwa kampuni, yeye kwa Kiingereza nami nikimwambia la kusema, tukaomba mambo manne: kwamba kurasa za tiba na za benki zisifunguliwe lakiri, kwamba baada ya saa za kazi kompyuta izimwe isitumiwe na mwengine, na hilo ni juu yetu sisi, kwamba ripoti isomwe na watu wa ulinzi tu, si na msimamizi, na kwamba yaliyoandikwa usiku ule yafutwe. Vijana waliniambia kwamba ombi la kwanza si gumu, kwani programu za namna hii zimetengenezwa na mahali pa kuchagua kurasa za kuachwa zipite bila ya kufunguliwa. Ni mtu tu hakupachagua.

Kampuni ilijibu baada ya siku tisa. Ombi la kwanza limekubaliwa, na la tatu. Juu ya la pili walishukuru. Dada amekwisha kwenda kwa daktari, akifuatana na mamake, na matibabu yameanza. Ombi la nne walisema kwamba wanalitazama, kwa kuwa daftari lenyewe halimo mikononi mwao bali mikononi mwa wenye lile jumba la kompyuta. Na hata tunapoandika haya jawabu yake haijatufikia.